Mzigo wa Mzorongo

Nilifikaje Timamu, hilo halina faida kwako. Miguu ilikuwa yangu na vumbi lilikuwa la njia. Lenye faida ni kwamba nilipofika langoni sikuona lango. Palikuwa na nguzo mbili za mawe, nene kama matumbo ya waheshimiwa, katikati yake upepo mtupu, na askari mmoja mwenye shada la funguo kiunoni. Nilitaka kupita, akanizuia kwa mkono na kuniambia nipige hodi kwanza.

"Nigonge wapi, afande?"

"Hapo mlango ulipokuwa."

Nikagonga hewa. Akachagua ufunguo, akauzungusha palipokuwa na kitasa, akavuta kitu kisichokuwepo hadi ukutani, nami nilipokwisha kupita akakirudisha na kukifunga vizuri. Jina lake Ngwali. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sijauona kwa walinzi wenye milango ya kweli. Nikamuuliza milango imekwenda wapi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani.

"Wazorongo," akasema.

Hilo ndilo neno lililonipokea, na ndilo lililokaribia kunizika, kwa hiyo nalieleza mapema. Wazorongo, kwa maelezo ya Watimamu, walikuwa watu waliotoka ng'ambo ya Uwanda wa Chumvi enzi za mababu wa mababu. Waliingia mjini asubuhi, wakachukua kila kilichochukulika, kisichochukulika wakakivunja, halafu wakatoweka. Hakuna aliye hai aliyewahi kumwona hata mmoja, lakini jina lao lilibaki nyuma likaendelea na kazi peke yake. Mtu yeyote anayepora mali ya wote na kuharibu asichoweza kukibeba huitwa mzorongo, na hakuna tusi lililo kubwa kuliko hilo. Ukimwita Mtimamu mbwa atakuuliza wa rangi gani. Ukimwita mzorongo, ukoo mzima unakuja kwenu na fimbo.

Na kazi ya neno hilo ilikuwa nyingi. Mnarani palining'inia kamba bila kengele, na chini yake alikaa bwana mmoja aitwaye Sudi, mwajiriwa wa mji, ambaye kila ilipofika saa ya kengele aliivuta kamba na kuita "ngoo, ngoo" mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Shuleni watoto walikalia mawe. Darajani hapakuwa na vyuma vya kushikia, watu wakawa wanavuka wameshikana mikono, jambo ambalo, niliambiwa, limeongeza ndoa. Kila nilipouliza kulikoni, jibu lilikuwa lile lile moja. Nilitaka kujua Wazorongo wa enzi za mababu waliwezaje kubeba madawati ya shule iliyojengwa juzijuzi. Nikajibiwa kwa upole kwamba hiyo ndiyo sababu wanaogopwa.

Mimi nina cheti cha kidato cha nne na mdomo, na kati ya viwili hivyo mdomo ndio uliopata daraja la kwanza. Siku ile lakini niliufunga, nikatafuta pa kulala.

Alinipokea Bi Siwatu, mjane mcheshi aliyekaa karibu na uwanja wa mji. Alinitengea chai na mihogo, nikaweka kikombe mezani, kikombe kikaanza kuteremka taratibu kuja kifuani kwangu. Nikakidaka. Meza ilikuwa na mteremko, na juu yake kulikuwa na mfereji mdogo wa kulaza kalamu, na pembeni mtu alikuwa amechonga kwa wembe: Darasa la Nne B.

"Mama, hili si dawati?"

"Ni dawati, mwanangu. Nimeliokoa."

Ndipo nikafundishwa lugha ya nchi. Mtimamu hachukui mali ya wote. Anaiokoa, Wazorongo wasije wakaikuta. Mtu wa kawaida akibeba dawati, ameokoa. Karani akiondoka na mabati ya zahanati, amehifadhi. Mheshimiwa aking'oa kitu kikubwa pamoja na bawaba zake, anakuwa ametunza kwa niaba yetu, na hufanyiwa karamu. Nikauliza tofauti iko wapi. Bi Siwatu akafikiri, akasema iko kwenye uzito.

Tulipokuwa tunakula mtu akabisha hodi. Bi Siwatu akaruka, akalifunika dawati kwa kanga, akafungua mlango, akakuta ni jirani anaomba chumvi. Akalifunua tena. Jioni ile alilifunika na kulifunua mara nyingi mno, na mwalimu alipopita nje akikohoa, aliinua sahani yake akaenda kulia chakula chake amesimama jikoni. Unapokuwa mgeni, ukiona mwenyeji ana mwiba mguuni, ngoja akuombe sindano.

Alipomaliza akaanza kupepeta mchele, na huku akipepeta akawa anaimba wimbo wa nchi, ule ambao Watimamu wote huuimba siku ya maombolezo na siku nyingine huutumia kupepetea mchele:

*Akikana Mzorongo, mtoeni mikono mitupu;*
*akikiri Mzorongo, mtoeni na mzigo wake,*
*mzigo wote, mzigo mzima,*
*tuuone kwa macho tulie.*

Nikasema ni wimbo mzuri, tena nilisikia ndiyo sheria yenyewe. Akasema ndiyo hiyo, imetungwa hivyo ili asiwepo wa kusingizia kutojua kusoma. Nikamuuliza wangapi wamewahi kukiri. Akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Nani akiri, mwanangu? Ana kichaa?"

Kulipokucha mji ulikuwa umesimama uwanjani na ndoo tupu. Timamu ilikuwa imebakiwa na pampu moja ya maji, na sasa pampu hiyo haikuwa na mkono. Kipande cha chuma cha kupampia, ambacho jana yake nilikishika mimi mwenyewe nikimsaidia Bi Siwatu, kilikuwa kimefunguliwa vizuri na nati zake, hata mkwaruzo haukuwepo. Kwa Watimamu jambo hili halikuwa na utata. Kitu kimepotea, basi Mzorongo yupo. Mzorongo ni mtu wa nje. Na mtu wa nje katika mji mzima alikuwa mmoja, ana kiporo cha muhogo mdomoni.

Nikapelekwa kwenye Baraza la Maneno. Mkuu wake alikuwa Mheshimiwa Machano, Mlinzi wa Neno, mtu mwenye joho refu la kijani na sauti laini kama uji wa mgonjwa. Alikaa kwa kuegemea upande mmoja, kama mwenye maumivu ya nyonga, na joto lote lile hakulivua joho lake. Aliniuliza nimelalaje. Nikasema vizuri. Akasema amefurahi, kwa sababu safari niliyo nayo ni ndefu.

Adhabu yenyewe niliielewa haraka kuliko nilivyowahi kuelewa hesabu. Anayepewa jina huandikwa neno hilo kwenye paji la uso kwa mafuta ya ganda la korosho, yanayochoma ngozi na kuacha alama isiyofutika, kisha anatolewa kwenda Uwanda wa Chumvi. Wanaoishi kandokando ya uwanda wanajua kusoma. Mwenye neno lile usoni hapewi maji, hapewi kivuli. Wageni walionitangulia walipelekwa huko, wote wakiwa wamekana mpaka sauti zikawakauka. Nilikuwa nimemuuliza Ngwali, aliyenileta, kama kuna aliyefika ng'ambo. Ngwali alitazama funguo zake.

Nisiwasingizie Watimamu: walijadili. Mjumbe mmoja aliuliza kama mtu mmoja anaweza kuitwa jina la kundi. Akajibiwa kwamba tone moja la maji nalo ni maji, mfano ambao asubuhi ile uliwafanya wajumbe kadhaa walambe midomo. Mwingine aliinua mkoba wangu akauliza mporaji gani anasafiri na shati moja. Akajibiwa kuwa huo ndio ujanja wenyewe. Kisha akasimama mama mmoja mwenye miwani, akasoma maana ya neno kama ilivyoandikwa, "mtu wa nje aporaye mali ya wote na kuharibu asichoweza kubeba," akapendekeza maneno "wa nje" yaondolewe, abaki "mtu" tu.

Wajumbe wakaanza kukagua kucha zao, kama wenyeji walio na wageni panya anapopita darini.

Mheshimiwa Machano alimshukuru kwa mchango wake. Akasema neno hilo likiachwa bila "wa nje" litakuwa kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo, halitajua tena nani ni mwenyewe na nani ni mpita njia. Hoja ikapigiwa kura. Hata yule mama mwenyewe hakuinyooshea mkono.

"Mgeni," Mheshimiwa akaniambia, "unakana, sivyo?"

Karani alikwisha andika "amekana", nikaona toka nilipokaa. Mwandishi wa nyuso alikuwa pembeni, anakoroga mafuta yake kwa kijiti. Harufu yake ilinipanda puani. Nilifungua kinywa nikane kama wenzangu. Sijui nani aliyenikumbusha ule ungo wa Bi Siwatu ulivyoanguka, mchele ukatawanyika, naye anacheka.

"Nakiri," nikasema.

Kijiti kikasimama.

"Nakiri yote, waheshimiwa. Mkono wa pampu ni mimi. Kengele ni mimi. Milango ya lango kuu niliibeba begani, upande huu mmoja na huu mmoja. Madawati ya shule niliyabeba kichwani huku natafuna muwa. Vyuma vya daraja, mabati ya zahanati, na kingine chochote mnachokitafuta, ni mimi, tena peke yangu. Sasa naomba nipewe mzigo wangu nitoke kabla jua halijawa kali."

"Mzigo upi?" akauliza Mheshimiwa Machano.

"Ule wa kwenye wimbo."

Madirishani walikuwa wamejazana watu. Mmoja akaanza kuuvumisha ule wimbo puani, bila kukusudia nadhani, kama mtu anayejikumbusha. Wa pili akadakia. Ulipofika "mzigo wote, mzigo mzima", barazani hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake.

Sasa ukaanza mjadala wa kweli. Ilipendekezwa nifungiwe mzigo wa majani uwe badala. Mama mwenye miwani akasema wimbo unataka "tuuone kwa macho", na majani hayatamliza mtu ila mbuzi. Ilipendekezwa mzigo uchorwe. Ilipendekezwa iaminike kwamba nimeuficha, mji ukaniuliza nimeuficha wapi, nikasema majumbani mwenu, pendekezo hilo likaondolewa haraka na aliyelileta. Mwisho karani akanong'ona kwamba yeye amekwisha andika nimekana, na wino umekauka. Hapo nikaenda dirishani, nikakiri upya kwa uwanja mzima, safari hii kwa maelezo zaidi.

Ikabaki hivyo. Bila mzigo siandikwi uso, na kabla ya kuandikwa mkiri ana haki ya kupewa maji. Lakini maji hayakuwepo, kwa sababu niliyaiba. Tukatoka nje, nikaketishwa kando ya pampu, na mji wote ukanizunguka na ndoo zake, jua linapanda, watoto wanalia, wakubwa wanameza mate. Nikaanza kuhisi nimejichongea. Mtu akiwa na kiu vya kutosha hahitaji sheria. Anahitaji jiwe tu. Na mawe yalikuwepo, yale ya shule.

Bi Siwatu akaondoka katikati ya watu. Nilidhani ameshindwa kutazama. Akarudi amejitwika dawati kichwani, bila kanga, mwalimu anamwona, majirani wanamwona, akalitua miguuni pangu kwa kishindo.

"Shika chako," akasema kwa sauti ya kusikika. "Uliliweka kwangu, shetani we, ukanifanya nilie chakula jikoni nimesimama kama punda. Mzorongo mkubwa."

Kisha akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu asubuhi ya harusi. Akakaa chini pale pale, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja.

Watu walimtazama Bi Siwatu, wakalitazama dawati. Nikaona njia inavyofunguka kwenye nyuso zao. Kuleta hakukuwa kukiri. Aliyekiri alikuwa mimi, wao walikuwa wanarudisha tu nilivyowatupia. Uwanja ukapukutika kama kuna mvua.

Walirudi wamebeba, na kila aliyetua kitu alinitukana kwa furaha. Mzee mmoja alileta vyuma vya daraja vilivyokuwa chaga za kitanda chake, akaniambia nitaujua sasa mgongo wake ulivyokuwa unamuuma. Mabati ya zahanati yalitoka kwenye mabanda ya kuku, na kuku wengine wakayafuata. Mke wa karani alileta kengele. Alikuwa ameipindua, anawanyweshea bata humo. Sudi aliisogelea, akaigusa kwa kidole, ikatoa mlio mdogo sana. Akafunika koo lake kwa mkono. Mama mwenye miwani naye alikuja na kitasa cha lango kuu, akaniomba radhi kwa kukichelewesha. Nikamwambia kosa ni langu.

Milango yenyewe ilikuja mwisho, imebebwa na vijana wa nyumbani kwa Mheshimiwa Machano, kwa amri ya mkewe, ambaye alitembea mbele akisema huko kwake nilifanya uchafu usiosemeka. Ngwali alipoiona alisimama wima akaipigia saluti.

Ukawa umebaki mkono wa pampu. Kila mtu alijua uliko, na hakuna aliyetazama upande huo, maana Watimamu wana adabu. Mheshimiwa Machano alisimama ameegemea ule upande wake mmoja, jasho linamchuruzika hadi kwenye ndevu, midomo imekauka kama ya wote. Alikuwa akiutunza kwa niaba yetu. Nikamwona anavyotaka kuinua mkono na kushindwa. Angeuacha uanguke chini, angekuwa nani kesho?

Nikamwendea.

"Mheshimiwa," nikasema, "unisamehe. Nadhani asubuhi tulipopishana nilikuchomekea kitu johoni, na wewe hukujua."

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. Akaingiza mkono johoni akautoa ule mkono wa chuma, akanipa, na mgongo wake ukanyooka ghafla. Nyonga ilikuwa imepona.

Tukaufunga. Bi Siwatu akapampu wa kwanza. Pampu ikakohoa, ikatema kutu, halafu maji yakaja. Mimi nilikunywa kwenye viganja vyake, kwa haki ya mkiri. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Watu walijimwagia vichwani na nguo zao, na waliokuwa wamenitukana vizuri zaidi ndio walionijazia kata.

Jioni Baraza likakutana kunifunga mzigo. Walijaribu, sheria ni sheria. Waliniwekea dawati moja mgongoni, nikakaa nalo chini. Walipima lango, wakapima mabega yangu. Mzigo ukiwa nusu si mzima, na bila mzigo mzima jina haliandikwi. Mwandishi wa nyuso alimwaga mafuta yake, akasema yameganda. Ikaamuliwa kwamba shauri linasimama mpaka mshtakiwa apate nguvu, na kwa kuwa mzigo hauwezi kulala nje unyeshewe, kila kitu kiwekwe kwa muda mahali kitakapongoja vizuri: kengele mnarani, vyuma darajani, mabati zahanati, madawati darasani, milango langoni. Vyote ni vya Mzorongo, ikaandikwa, na asiguse mtu.

Nilikaa Timamu siku chache zaidi, nikaona neno lilivyohama. Mtoto alipoanza kufungua nati ya pampu kwa kuchezea, bibi yake alimchapa kofi la mkono. "Acha, cha Mzorongo hicho. Atakuja kukiulizia." Sikumsikia tena mtu akisema ameokoa. Chai ya mwisho kwa Bi Siwatu tulinywea chini, mkekani, mlango wazi. Mwalimu alipita akikohoa, akaitwa, akaingia, akala.

Nilipoondoka, Ngwali alichagua ufunguo wake na kuuingiza kwenye kitasa kwa mashaka, kama anayemtia mtoto kijiko cha dawa. Kitasa kikalia. Akavuta mlango, na uzito wake ukamshangaza akayumba. Nikapita.

"Utarudi kuchukua mzigo wako?" akaniuliza kwenye mwanya.

"Nikipata nguvu, afande."

Akafikiri kidogo.

"Basi usiwe unakula sana," akasema, akafunga, na nilimsikia akifungua tena na kufunga tena, peke yake kule ndani, kwa ajili ya ule mlio.